Injini Isizimwe Mteremkoni

Msafiri atokaye Njombe hupita milima ya Lukumburu kabla ya kufika Songea. Wako madereva ambao, wakifika kwenye miteremko kama ile, huzima injini na kuliacha gari liserereke lenyewe, ati waokoe mafuta. Twasema wazi kwamba akiba hiyo ni ya hatari.

Injini haisukumi magurudumu tu. Katika magari mengi ndiyo inayoendesha pampu ya usukani, na ndiyo inayoipa breki msaada. Ikizimika, usukani huwa mzito, ingawa bado wageuka. Breki ya gari dogo hubakiwa na msaada wa kukanyaga mara mbili tatu tu. Kisha huwa ngumu na kudai nguvu zote za mguu. Malori na mabasi makubwa hutumia hewa. Injini ikizimwa hewa haiongezeki, na kila kukanyaga huipunguza. Tena ufunguo ukichomolewa, usukani waweza kujifunga kabisa.

Kwa hiyo, injini ikizimika kwa bahati mbaya, dereva asiikanyage breki na kuiachia ovyo. Aikanyage kwa nguvu bila kuiachia, akaze usukani kwa mikono miwili, asimame kando.

Lakini aizimaye kwa makusudi hana udhuru. Wenye magari wasiwabane madereva kwa kipimo cha mafuta, na abiria wasinyamaze. Mteremko hushukwa kwa gia nzito, injini ikinguruma. Lita moja ya mafuta hainunui roho ya mtu.