UFUNDI NYUMBANI: Injini Inapotetemeka Baada ya Matengenezo ya Mkono Wako



Mwenye gari anunuapo plagi mpya na kuzifunga mwenyewe siku ya mapumziko hutazamia kwamba injini itanguruma kwa utulivu kuliko jana. Lakini mara nyingine, akiwasha, husikia mambo mengine kabisa. Injini inatetemeka, inakohoa, na bomba la moshi linatoa sauti isiyolingana, kama mguu wa mtu achechemeaye. Majirani wa kambini hukusanyika, kila mmoja na dawa yake. Huyu asema ni pampu ya mafuta, yule asema ni kompyuta, na wa tatu ashika bisibisi aanze kuzungusha kila skrubu aionayo. Jioni gari huwa bovu kuliko asubuhi, na fedha ya ada ya shule imekwisha kununua vipuri visivyohitajiwa.

Juma hili tutaeleza jinsi ya kuutafuta ubovu wa namna hiyo kwa utaratibu. Mfano wetu utakuwa Toyota Corolla ya miaka ya 1990, yenye injini ya petroli ya silinda nne ya aina ya 4A-FE au 5A-FE na distribyuta, kwa sababu magari ya jamii hiyo yangali mengi katika kambi zetu na nyumba za polisi. Tena, tangu mwaka 2018 sheria ya Uganda hairuhusu kuingiza nchini gari lililopita miaka 15 tangu kutengenezwa. Kwa hiyo aliye na gari la zamani yampasa alitunze, maana kupata jingine la bei yake si jambo rahisi.

Kilichoguswa mwisho kitazamwe kwanza

Ikiwa gari lilikwenda vizuri asubuhi, ukalifungua mchana, na jioni likatetemeka, basi yaelekea sana kwamba ubovu uko pale mikono yako ilipopita. Chukua daftari, ukae chini, uandike kila kitu ulichogusa: plagi, waya, chujio la hewa, mpira uliouchomoa ili upate nafasi ya kupitisha spana, soketi uliyoisogeza kando. Andika hata vile vilivyoguswa kwa bahati mbaya. Orodha hiyo ndiyo ramani yako. Usinunue kitu chochote kabla ya kuimaliza.

Injini inahitaji nini?

Kila silinda inataka mambo matatu ili ifanye kazi: mchanganyiko wa petroli na hewa kwa kiasi kinachofaa, mgandamizo wa kutosha, na cheche inayotokea kwa wakati wake. Likikosekana moja, silinda hailipuki. Mafundi husema gari “linamisi”.

Hebu tufanye hesabu ndogo. Katika injini ya namna hii kila silinda huwaka mara moja katika mizunguko miwili ya mhimili mkuu. Ikiwa injini inazunguka mara 750 kwa dakika bila kukanyaga mafuta, kila silinda huwaka mara 375, na zote nne pamoja mara 1,500. Silinda moja ikifa, milipuko 375 hupotea kila dakika, na zile tatu zilizobaki hubeba mzigo wa nne. Ndiyo maana gari zima hutikisika hata usukani.

Tahadhari kabla ya kuanza

Litoe gari nje, mahali penye hewa. Moshi wa injini una gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu ndani ya banda lililofungwa. Vuta breki ya mkono, weka gia huru, au herufi P kwa gari lisilo na klachi, kisha zuia magurudumu kwa mawe. Watoto wakae mbali. Usivute sigara. Weka karibu kizima-moto au ndoo ya mchanga mkavu. Maji hayafai kuzima petroli, kwa kuwa petroli huelea juu yake na kuutawanya moto. Ukinusa petroli au ukiiona ikidondoka, zima injini mara moja, wala usiiwashe tena mpaka uvujaji umekomeshwa.

Hatua ya kwanza: plagi na waya zake

Injini ikiwa imezimwa na kupoa, tazama mpangilio wa waya. Injini hii huwasha silinda zake kwa zamu ya 1-3-4-2, na silinda ya kwanza ni ile iliyo upande wa mkanda wa taimingi, si upande wa giaboksi. Fuata kila waya kwa kidole kutoka kwenye kifuniko cha distribyuta hadi kwenye plagi yake, ukifuata upande ambao rota huzungukia. Waya mbili zikibadilishana mahali, cheche hutokea wakati vali zingali wazi au pistoni haiko mahali pake. Matokeo yake ni silinda mbili kufa kwa pamoja, na pengine mlio kama wa bunduki katika njia ya hewa au bomba la moshi.

Kisha sukuma kila waya mpaka uusikie umekaa barabara. Waya uliokaa nusu huruhusu cheche kuruka nje, na usiku, boneti ikiwa wazi, utaweza kuuona mwanga wa buluu ukichezacheza. Usiuguse kwa mkono injini ikiwa inawaka. Umeme wa plagi hufikia maelfu mengi ya volti.

Fungua plagi, uzipange mezani kwa namba za silinda zake. Plagi iliyofanya kazi vema huwa na rangi ya kijivu au kahawia hafifu. Iliyolowa petroli haikuwaka. Nyeusi yenye masizi makavu huonyesha petroli iliyozidi. Nyeupe sana huonyesha hewa iliyozidi au joto kali. Chunguza kauri yake nyeupe: plagi iliyoanguka sakafuni yaweza kuwa na ufa mwembamba kama unywele, na cheche hupita humo badala ya kupita panapotakiwa. Plagi mpya si lazima iwe nzima.

Pima pia pengo la cheche kwa kipimo chake cha vipande vyembamba vya chuma. Plagi za NGK ambazo namba zake huishia na 11 zimekusudiwa pengo la milimita 1.1; nyingine nyingi ni milimita 0.8. Ufuate kitabu cha gari lako. Unapozirudisha, anza kwa vidole bila spana, kwa kuwa kichwa cha injini ni cha alumini na nyuzi zake huharibika upesi. Plagi mpya yenye washa, ikishagusa kwa mkono, hukazwa nusu mzunguko hadi theluthi mbili za mzunguko. Iliyokwisha kutumika hutaka kidogo mno, yapata sehemu moja ya kumi na mbili. Anayekaza kwa nguvu za kuvuta lori hujitafutia gharama ya kichwa kizima.

Hatua ya pili: hewa inayoingia kwa njia ya wizi

Injini huvuta hewa kwa nguvu, na kompyuta ya gari hukadiria petroli kulingana na hewa hiyo. Mpira mmoja ukisahauliwa, hewa huingia bila kuhesabiwa. Dalili zake ni mlio wa kufyonza, na mzunguko wa injini unaopanda na kushuka wenyewe. Mara nyingi tetemeko hupungua ukikanyaga mafuta, kwa sababu tundu lile lile huwa dogo likilinganishwa na hewa nyingi inayopita.

Tazama bomba kubwa kutoka kwenye chujio la hewa, halafu mipira midogo yote. Chunga kwa namna ya pekee ule mpira mwembamba unaopeleka ombwe kwenye sensa ya mgandamizo wa hewa. Ukichomoka, kompyuta hudhani injini imebeba mzigo mkubwa, ikamimina petroli mno, na moshi mweusi hutoka. Unaweza kuubana kila mpira kwa koleo taratibu, injini ikiwa inazunguka. Sauti ikibadilika kwa namna isiyo ya kawaida, umekaribia chanzo. Wengine hunyunyiza petroli kutafuta uvujaji. Hilo ni kukaribisha moto nyumbani, na tunalikataza kabisa.

Hatua ya tatu: kuitambua silinda iliyokufa

Iwapo hujapata kitu, iulize injini yenyewe. Ikiwa inazunguka, chomoa soketi ya umeme ya nozeli ya petroli, moja baada ya moja, na kuirudisha kabla ya kwenda kwa nyingine. Ukichomoa ya silinda nzima, injini itatetemeka zaidi. Ukichomoa ya silinda iliyokufa, hakuna kitakachobadilika. Hiyo ndiyo mgonjwa wako. Njia hii ni bora kuliko kuvuta waya za plagi, ambayo huweza kukupiga umeme na kuunguza koili.

Sasa zima injini, uhamishe plagi ya silinda ile hadi kwa jirani yake. Ubovu ukihama pamoja na plagi, umepata jibu kwa bei ya plagi moja. Ubovu ukibaki palepale, plagi haina hatia. Geukia waya, ncha ya kifuniko cha distribyuta, na soketi ya nozeli. Na hivyo vikiwa vizima, pima mgandamizo wa silinda zote nne. Iliyo chini sana kuliko wenzake ina tatizo la vali, gasketi au ringi za pistoni, na hapo kazi si ya nyumbani tena.

Hatua ya nne: wakati wa cheche

Hatua hii yamhusu aliyegusa distribyuta au mkanda wa taimingi. Kwa injini ya mfano wetu, taimingi hupimwa injini ikiwa imepata moto, baada ya kuunganisha kwa kipande cha waya matundu ya TE1 na E1 katika kisanduku cha uchunguzi. Taa ya kupimia ionyeshe digrii 10 kabla ya pistoni kufika kileleni. Asiyeunganisha matundu hayo hupima namba inayobadilishwa na kompyuta, kisha huzungusha distribyuta isiyokuwa na kosa.

Ikiwa ulibadilisha mkanda, jino moja tu lililoruka latosha kuharibu utulivu wa injini. Usiendelee kuwasha ukijaribu bahati, kwa kuwa katika injini za aina nyingine pistoni zaweza kugonga vali. Zungusha mhimili kwa spana mizunguko miwili kamili, kisha hakikisha alama zote zimelingana.

Matundu hayo ya TE1 na E1 yana faida nyingine. Swichi ikiwa imefunguliwa na injini haijawashwa, taa ya injini huhesabu namba ya kosa kwa kumetameta. Katika magari mapya yenye mashine ya kusoma makosa, P0301 ni kukosa moto silinda ya kwanza, P0302 ya pili, na P0300 ni silinda zaidi ya moja bila mpangilio.

Je, gari liendelee kutumika hivyo hivyo?

Jibu ni hapana. Petroli isiyowaka huosha oili katika kuta za silinda na kushuka kuichafua oili iliyo chini. Nyingine huenda kuungua ndani ya kisafisha moshi na kukiharibu kwa joto. Lakini hasara kubwa haipimwi kwa shilingi. Fikiri juu ya askari aliyepewa likizo, amepakia mke na watoto, anatoka Kampala kwenda Masaka. Mbele yake kuna lori. Anatoka kulipita, anakanyaga mafuta, na gari halina nguvu aliyoizoea. Basi linakuja upande wa pili. Hapo hapana nafasi ya kufungua daftari.

Neno la mwisho

Ukishindwa, mpelekee fundi gari pamoja na orodha yako, umweleze kila ulichofungua na kila ulichobadilisha. Wako wanaume wanaoona haya kusema kwamba walijaribu wenyewe, wakamwacha fundi atafute siku nzima kosa ambalo wangelitaja kwa dakika moja. Na siku hiyo hulipwa kwa fedha ya nyumba nzima. Mficha maradhi, kilio humfichua. Kujaribu si aibu, na anayesema kweli hupunguziwa gharama.

Na utakapofungua injini tena, funga kitambaa chenye namba juu ya kila waya kabla ya kuuchomoa, na ubadilishe plagi moja baada ya moja, si zote kwa pamoja. Mwenzako nyumbani aweza kushika daftari na kuandika huku wewe ukifanya kazi. Macho manne huona zaidi ya mawili.

Juma lijalo, tukijaliwa, tutazungumza juu ya betri inayokufa usiku gari likiwa limelala.