Laptopu ya okazyo: pesa ziende kwanza kwa kile fundi hawezi kubadilisha

Mwanafunzi anayeingia katika duka la kompyuta mjini Goma, iwe Birere, iwe katikati ya mji, mara nyingi anafika na swali moja: "Hii ni i ngapi?" Muuzaji anajibu kwamba ni i7, anaonyesha kikaratasi kinachong'aa kando ya klavie, na bei inapanda. Mzazi aliyemsindikiza, ambaye amekusanya dola 200 kidogo kidogo kwa miezi mingi, anaelewa kwamba i7 inapita i5, na i5 inapita i3, kama vile darasa la saba linavyopita la tano. Wanalipa, wanaondoka. Mwaka wa masomo haujafika katikati, kompyuta inachukua dakika tano kuwaka, na TFC inarudi kuandikwa saiba, kwa saa, kwa pesa nyingine.

Aliyeuza hakudanganya. Ilikuwa i7 kweli. Swali ndilo halikuwa zuri, na mjini Goma swali hilo linakula pesa za familia nyingi ambazo hazina pesa za kupoteza.

Namba inayofuata "i7" ndiyo yenye habari. Prosesa iitwayo i7-7500U, ya mwaka 2016, ina viini viwili vya kufanyia kazi. Ile ya i5-8250U, iliyotoka mwaka 2017, ina vinne. Kwa hiyo i5 hiyo inaipita i7 hiyo kwa kazi nyingi, na mara nyingi inauzwa kwa bei ndogo, sababu mnunuzi anasoma herufi na namba ya kwanza tu. Kusoma kizazi si kazi ngumu: 6300U ni kizazi cha 6, 8250U ni cha 8, 10210U ni cha 10. Muuzaji asiyetaka kuonyesha namba nzima ana sababu yake.

Kizazi cha 8 kimekuwa mpaka muhimu kuliko mipaka mingine yote. Tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilisimamisha kazi ya kawaida ya kulinda Windows 10. Windows 11, iliyochukua nafasi yake, inakubali rasmi prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8, ukiacha chache za cha 7, na inadai pia kipande cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Makampuni na ofisi za Ulaya na Marekani hazikusubiri. Zimekuwa zikiondoa mashine za kizazi cha 6 na cha 7 ambazo bado zinafanya kazi, kioo kizuri, klavie nzuri. Mashine za namna hiyo haziendi zote kwenye takataka. Nyingine zinaingia katika biashara ya okazyo na kufika huku kupitia Dubai, Kampala au Kigali. (Ndani ya kompyuta nyingi mna vipande vidogo vya tantali, madini yatokayo katika koltani, kama ile inayochimbwa Rubaya, kule Masisi. Yanatoka kwa kilo, yanarudi yakiwa ndani ya mashine ambayo wengine wamechoka nayo.)

Je, kompyuta ya kizazi cha 6 ni ya kukataa? Hapana. Inaweza kuandika memwari, kufungua PDF na kuonyesha darasa la video, na anayekubali kujifunza Linux anaweza kukaa nayo miaka. Lakini haistahili kulipiwa bei ya kizazi cha 8, na hapo ndipo biashara inapopinda. HP EliteBook 840 G3 ni ya kizazi cha 6, G4 ni ya cha 7, na G5 kwa kawaida ni ya cha 8. Lenovo ThinkPad T470 na T480 zinatofautiana kwa namba moja tu, na kwa mtu asiyezoea zinafanana kama mapacha. Hata jina la G5 peke yake halitoshi, maana zipo zilizotoka kiwandani na prosesa ya kizazi cha 7. Mnunuzi ana haki ya kuwasha mashine, kufungua ukurasa wa Windows unaoeleza mfumo, na kusoma namba kwa macho yake.

Kanuni ya kugawa dola 200 ni moja: zilipie kwanza kile ambacho fundi wa Goma hawezi kubadilisha kesho. Katika laptopu za namna hii, prosesa imeshikizwa juu ya kadi kubwa na risasi. Hakuna atakayeitoa kwa bei ya maana. Diski inatoka kwa bisibisi. Betri inatoka. RAM inategemea. T480, EliteBook 840 G5 na Dell Latitude 5490 zina nafasi mbili za RAM, na mtu anaweza kuanza na GB 8 katika nafasi moja, akaacha nyingine kwa siku ya pesa. ThinkPad X1 Carbon na MacBook Air, zile nyembamba ambazo vijana wanazipenda kwa picha, RAM yake haiongezwi: iliyonunuliwa ndiyo hiyo mpaka mwisho.

Wengi wanasema: "Nachukua ya GB 4, nitaongeza baadaye." Zamani ilikuwa akili nzuri. Siku hizi si nzuri sana. Tangu mwisho wa mwaka 2025 bei ya RAM imepanda vikali ulimwenguni, sababu viwanda vinavyoitengeneza vinapeleka nguvu kubwa kwenye vituo vya akili bandia vinavyolipa zaidi. Mashine ya okazyo yenye GB 8 tayari ndani yake inabeba kitu ambacho kukinunua pembeni kitauma. Windows 11 inakubali kuwaka na GB 4, lakini kuwaka na kufanya kazi ni mambo mawili: mtu akifungua Word, kurasa kumi za intaneti na WhatsApp, kompyuta inaanza kuhema. Kati ya i7 yenye GB 4 na i5 yenye GB 8 za kizazi kimoja, i5 ichukuliwe bila kujadiliana muda mrefu.

Mtego mkubwa zaidi hauko katika okazyo. Uko ndani ya katoni mpya. Laptopu mpya yenye Celeron N4020, RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 64 ya aina ya eMMC inang'aa, ina harufu ya duka, ina plastiki juu ya kioo, na mzazi anaona fahari kumpa mtoto kitu ambacho hakijaguswa na mtu. Hiyo N4020 ina viini viwili vidogo. Hifadhi ya eMMC imeshikizwa ndani, haibadilishwi, na GB 64 zinajazwa na Windows yenyewe na maboresho yake kabla mwanafunzi hajaweka hata nusu ya masomo yake. Kwa bei inayokaribiana, kompyuta ya ofisi iliyotumika miaka sita inaipita kwa kila kitu isipokuwa harufu.

Kuhusu diski, maduka yanapenda namba kubwa: GB 500, terabaiti moja. Mnunuzi aulize kwanza ni ya aina gani. Diski ya zamani ina sahani inayozunguka na sindano inayopita juu yake karibu sana bila kuigusa. Itazame hiyo ndani ya begi, juu ya pikipiki, kwenye barabara za mawe ya Nyiragongo, kutoka Ndosho hadi chuoni, asubuhi na jioni. SSD haina kitu kinachozunguka. Ya GB 256 inatosha wanafunzi wengi, na ndiyo inayofanya kompyuta ya zamani ionekane kijana kuliko badiliko jingine lolote. Lakini diski mbaya si sababu ya kuacha mashine nzuri, kwa kuwa inabadilishwa kwa dakika chache. Ni sababu ya kupunguza bei.

Kisha umeme. Hapa ndipo ushauri ulioandikwa kwa mtu wa Paris au wa Nairobi hauwafai wakaaji wa Goma. Mji unakula umeme wa Virunga Energies kutoka Matebe, kule Rutshuru, na ule wa SNEL, na kila mtu anajua kilichotokea Januari 2025 vita vilipokata nyaya na maji pamoja. Hata siku za utulivu, kuna avenyu ambazo umeme unakuja usiku na kuondoka mapema. Kwa mwanafunzi wa namna hiyo, betri inaweza kuwa na thamani kuliko kizazi kizima cha prosesa. ThinkPad T480 ina betri mbili, moja ndani na moja ya nyuma inayotoka kwa mkono bila kuzima mashine. Ni kama iliwaziwa Katindo. Prosesa zenye herufi U mwishoni, kama 8250U, zimetengenezwa kwa wati 15. Zile zenye HQ ni za wati 45: zina nguvu, zinapasha moto mapaja, na zinamaliza betri kabla ya somo kuisha.

Maneno ya muuzaji kwamba betri inakaa saa nne hayana uzito, na kuyahakiki ni bure. Ndani ya Windows, amri iitwayo powercfg /batteryreport inaandika ukurasa wenye namba mbili: uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo ilio nao leo. Ya pili ikiwa chini ya nusu ya ya kwanza, bei ya betri nyingine itolewe katika bei ya mashine pale pale. Jambo jingine ni tundu la chaja. Mashine nyingi za ofisi za kizazi cha 8 zinakubali kuchajiwa kwa USB-C, kwa chaja ya wati 45 au 65, si ile ndogo ya simu. Chaja ikipotea au ikiungua umeme uliporudi kwa nguvu, hakuna haja ya kutafuta ya jina moja na kompyuta.

Klavie isimsumbue mtu sana. Nyingi zinazofika kutoka Dubai ni za QWERTY, na waliozoea AZERTY ya shuleni wanalalamika, lakini Windows inapangwa upya kwa dakika moja na herufi za kubandika zinauzwa. Kulipa dola 20 zaidi kwa ajili ya AZERTY ni kununua starehe. Kioo ni jambo jingine: 1366 kwa 768 kinachosha macho ya mtu anayeandika kurasa 80, na anayechora majengo ISTA atakichukia siku ya kwanza. Mwanafunzi huyo, pamoja na wa infomatiki anayehitaji Android Studio, wasikubali chini ya GB 8, na 16 si anasa kwao. Wa sheria hahitaji hayo.

Kabla pesa hazijatoka, mashine izimwe, iwashwe tena, na mnunuzi ajaribu kuingia katika BIOS. Ikiomba neno la siri ambalo muuzaji hana, iachwe. Iachwe pia ile ambayo, baada ya kusafishwa na kuunganishwa na intaneti, inadai anwani ya kazini ya kampuni fulani ya ng'ambo: maana yake bado iko katika orodha ya mwenye nayo wa kwanza, na inaweza kufungwa kutoka mbali. Programu za kuivunja zinazouzwa mtaani haziondoi deni hilo.

Yote haya ni kazi kubwa kwa mzazi ambaye hakusoma infomatiki, na si haki aachiwe peke yake. Tangu benki za Goma zilipofunga milango Januari 2025, kompyuta inanunuliwa kwa pesa za mkononi au za simu, bila mkopo na bila akiba ya pili. Ikiharibika, hakuna nyingine mwaka huo, na pengine hakuna mwaka huo wa masomo. UNIGOM, ULPGL, ISIG na ISTA zinajua programu ambazo kila kitivo kinatumia. Ukurasa mmoja kwenye ubao wa matangazo siku ya kujiandikisha, wenye kizazi, RAM na aina ya diski inayotosha kwa kila kitivo, haugharimu chuo kitu, na ungezuia i7 za mwaka 2011 zisiuzwe tena kama dhahabu kwa watoto wa mwaka wa kwanza.

Upande wa maduka, fakture iliyoandikwa "PC HP, dola 220" si fakture. FEC ya Kivu Kaskazini ingeweza kuwaomba wanachama wake waandike mistari michache zaidi: modeli kamili, namba nzima ya prosesa, GB za RAM na nafasi iliyobaki, diski ni SSD au ya kuzunguka, namba mbili za betri, na siku za garanti. Wauzaji waaminifu wapo mjini, na wao ndio wanaoumia, sababu jirani yao anauza kizazi cha 4 kwa bei yao akikiita i7 bila kusema uongo hata mmoja. Mpaka hapo, mnunuzi aombe mistari hiyo mwenyewe, iandikwe kwa kalamu na kutiwa muhuri wa duka, kabla ya kutuma pesa kwa simu.