Acheni kuusingizia mkonge

Wacha niseme, na atakayekasirika komenti ziko wazi. Pinde nyingi ninazoziona zikiuzwa ufuoni hapa Diani kama "upinde wa asili wa Mijikenda" ni za asili nusu tu. Mti ni wa kweli. Shanga sawa. Kile kingozi cha mbuzi pale pa kushikia, sawa pia. Halafu unafika kwenye upote, yaani ule uzi unaorusha mshale, unakuta ni mshipi wa nailoni wa kuvulia samaki. Uliza kwa nini, na jibu ni lile lile kuanzia Ukunda mpaka Msambweni: "Mkonge unalegea, bro."

Nilipoweka video nikisokota upote wa katani, komenti zikajaa maneno hayo hayo. Nailoni haikatiki. Mkonge ni wa kufungia mbuzi. Mmoja akamalizia, "Ndo maana uliacha chuo, ukasokote kamba." Huyo nitamjibu mwishoni. Hao wengine nawajibu sasa hivi, na nawajibu kwa hesabu.

Unyuzi wa katani ukiuvuta unarefuka asilimia chache tu, mara nyingi 2 au 3, kisha unakatika. Nailoni inarefuka asilimia 15, 20 na zaidi kabla haijakatika. Rudia kusoma hapo. Kile kitu mnachokimbilia ati kwa sababu hakilegei, ndicho kinachovutika kuliko vyote. Na ndo sababu wavuvi wanakipenda: samaki akijitupa, mshipi unavutika kidogo badala ya kukatika. Kwa mvuvi wa Gazi hiyo ni faida. Kwa upinde ni hasara, kwa sababu ile nguvu uliyoiweka kwenye mti ulipovuta inatakiwa iende kwenye mshale, na upote unaovutika unajilia sehemu yake njiani. Halafu fungia upinde wako nailoni, uuache umekazwa ukutani wiki mbili, urudi uutazame. Utakuta upote umelala kama kamba ya kuanikia nguo.

Sasa utaniuliza: kama katani haivutiki hivo, mbona ile niliyosokota mimi ililegea? Swali zuri. Upote wa kienyeji unarefuka kwa sababu tatu, na zote tatu ziko mikononi mwa msokotaji.

Ya kwanza, nyuzi zinateleza. Mtu anachukua kamba ya duka, ile ya kufungia magunia, anaifumua na kuisokota tena haraka haraka. Ndani yake kuna nyuzi ndefu na fupi, zingine zimekaza na zingine zimelegea. Ukivuta upinde, zile zilizokaza ndizo zinazobeba mzigo wote. Zinakatika moja moja au zinahama, na upote unaongezeka urefu. Hapo mkonge umekosa nini? Anza na jani lenyewe. Chagua lililokomaa, uliparuze juu ya ubao kwa kisu butu mpaka nyama yote ya kijani itoke. Osha, kausha kivulini, kisha chana nyuzi kama unavyochana nywele, zilale upande mmoja. Zigawe mafungu sawa, mawili au matatu. Zilowanishe kidogo wakati wa kusokota. Kila fungu lisokotwe upande mmoja, halafu mafungu yazungushwe pamoja upande wa pili, ndipo yashikane yasifumuke. Na unapoongeza nyuzi mpya, usiziongeze zote mahali pamoja; zipishanishe, la sivyo umejitengenezea pa kukatikia.

Ya pili, msokoto na mafundo vinajikaza. Kila upote mpya utarefuka mara ya kwanza unapovutwa, hata uwe umesokotwa na nani. Swali ni urefukie wapi: kwenye upinde au kwenye mwembe? Mzee mmoja wa upande wa Kinango aliniambia, "Mjukuu wangu, upote huu bado mtoto, wauvisha upinde wa nini?" Kisha akautundika mtini na jerikeni la maji chini yake. Mimi nafanya hivo hivo mpaka leo. Lita 20 ni kilo 20. Hakikisha jerikeni limefungwa lisizunguke, kwa sababu likizunguka linafumua msokoto wote. Liache usiku kucha. Asubuhi piga alama ya mkaa mahali upote ulipofika, ongeza uzito, acha tena. Siku alama itakapokaa pale pale kutoka asubuhi mpaka asubuhi, huo upote umemaliza kurefuka. Hiyo ni kazi ya siku mbili tatu, na hizo siku mbili tatu ndizo watu hawataki kuzitoa.

Kuhusu mafundo pia, tuelewane. Fundo linapunguza nguvu ya kamba na linaendelea kujikaza kila unapovuta. Kwa hivyo kitanzi cha juu kisiwe cha fundo. Rudisha ncha za nyuzi ndani ya msokoto, uzisokote humo humo. Chini unaweza kufunga fundo la kuzungusha linalofunguka, ili uweze kurekebisha urefu. Na wewe unayerekebisha urefu kwa kusokota tu, sokota, sokota, mpaka upote unajikunja kama nyoka: hapo umetengeneza springi. Msokoto mwingi sana unavutika, msokoto mchache sana unateleza. Katikati yake kuna kipimo, na kipimo hicho vidole vinakijua kabla ya macho.

Ya tatu ni hewa ya huku kwetu. Nyuzi za mimea zinanyonya maji. Kamba ya kusokota ikilowa inavimba na kufupika, ikikauka inalegea, na ukiirudiarudia hivo msimu mzima wa mvua za masika, lazima ichoke. Dawa yake ni nta ya nyuki. Pasha nta moto kidogo, paka, kisha sugua kwa kipande cha ngozi mpaka joto la kusugua liiyeyushe na kuiingiza ndani. Wale wanaonishauri nitumie kano, sawa, kano za ng'ombe zina nguvu sana, lakini zinakunywa unyevu kuliko katani. Ni kitu cha nyika kavu. Hapa kwenye chumvi na ukungu wa bahari utalia. Na upote wowote ule, ukimaliza kulenga shabaha, ufungue. Upinde unaolala umekazwa unachosha mti na uzi vyote viwili.

Kisha upime. Kanuni ninayoifuata mimi ni kwamba upote ubebe mara nne ya uzito wa kuuvuta upinde. Upinde wako unavutwa kwa kilo 15? Tundika kilo 60: mfuko wa simenti wa 50 na jerikeni la lita 10. Simama mbali. Ukihimili, uvishe upinde, uvute nusu kwanza, usogee polepole. Wala usiwahi kuvuta na kuachia bila mshale, maana nguvu inarudi yote kwenye mti na mti unaweza kupasuka usoni mwako.

Hapo ndo nawauliza watu wa nailoni: mmefanya hata nusu ya hayo? Kama hujachana, hujatundika, hujapaka nta, basi hujawahi kuujaribu mkonge. Umeijaribu haraka yako.

Na msiniambie ati wazee hawakuwa na njia. Nailoni ilivumbuliwa Marekani mwaka 1935. Pinde zilikuwa zikirusha mishale nyuma ya pwani hii vizazi na vizazi kabla ya hapo. Wawaata wa nyika za Tsavo walikuwa na pinde za kuvutwa kwa zaidi ya kilo 45. Jaribu kuinua mfuko wa simenti kwa vidole vitatu halafu uje tuongee. Wakati Wajapani wanasokota pote zao kwa katani ya kwao na kuzipaka utomvu wa msonobari, hakuna anayewaambia wahamie nailoni ili waonekane wa kisasa.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Kuna mmea uko hapa hapa kwenye vichaka vyetu, wa jamii ya Sansevieria, wenye majani magumu yaliyochongoka. Kabla ya mkonge wa mashamba makubwa kuletwa Tanga na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, huo wa msituni ndio watu waliouita mkonge. Nyuzi zake ni laini mkononi kuliko za mkonge wa shamba. Na kwa Kiingereza jina lake la zamani maana yake ni katani ya upote wa upinde. Mzungu ameutazama mmea huu, akaupa jina kutokana na kazi yake. Sisi tunaupita tukienda kununua nailoni. Ingia hoteli ya kifahari hapa Diani, utamkuta ndugu yake wa Afrika Magharibi amepandwa kwenye chungu mapokezi, anamwagiliwa maji, na ukutani juu yake umetundikwa upinde wa mshipi wa samaki. Mgeni anapiga picha zote mbili na hakuna wa kumweleza.

Sina ugomvi na vitu vya kisasa. Shehzana Anwar alipoiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki ya Rio 2016, hakuna aliyetaka atumie katani. Upinde wa mashindano una uzi wake wa kiwandani usiovutika, na uko sawa pale ulipo. Hata wavuvi sasa wana mshipi wa kusuka ambao hauvutiki kama nailoni. Lakini ni mwembamba na mgumu, kwenye upinde wa mti unakata zile ncha za kushikia upote kama msumeno. Ukitaka kuuweka, weka, ila usiniandikie "asili" kwenye lebo.

Na kabla hamjaanza: hapana, sifundishi ujangili. Uwindaji Kenya ulipigwa marufuku mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 haina utani. Usibebe upinde kwenda Shimba Hills. Shabaha yangu ni gunia lililojazwa makumbi ya nazi, na hilo halijawahi kulalamika. Lakini kwa sababu miaka ya 1950 wakoloni waliwakamata wenye pinde na kuwafunga, na sisi tukaendelea kumwona kila mwenye upinde kama mhalifu, ndo tumebaki na kizazi kinachojua upinde kama pambo la ukutani. Ustadi wa kusokota si haramu. Ni mikono tu na subira.

Tena ni pesa. Mgodi wa titaniamu umefunga shughuli za kuchimba mwisho wa 2024 na vijana wa Kwale wanaulizana watafanya nini. Sisemi upote utamlisha kila mtu, nisiwadanganye. Ila hoteli zinazoendesha mchezo wa kulenga shabaha zipo, usiku wa utamaduni upo, watalii wanaotaka kuona kitu kikitengenezwa mbele ya macho yao wapo. Mtu anayenunua upinde wa nailoni ananunua mara moja, unalegea akiwa bado uwanja wa ndege, anautundika. Anayekaa nawe asubuhi moja akasokota upote wake mwenyewe amelipia asubuhi nzima, na ataeleza wenzake. Hoteli mkitaka utamaduni, mlipeni msokotaji kama mnavyomlipa mpiga ngoma. Na nyinyi mnaopanga sherehe za utamaduni za kaunti, wekeni meza ya upote, na muwaite wazee wakiwa bado wanaona vizuri.

Nimalizie na wewe wa chuo. Ni kweli, niliacha. Lakini hiyo hesabu ya asilimia hapo juu, ya kilo, ya mara nne, hukuijibu kwenye komenti yako. Ulijibu maisha yangu. Basi fanya hivi. Leta upote wako wa nailoni, mimi nalete wangu wa katani, urefu sawa. Tuvitundike kwenye mwembe mmoja, jerikeni moja moja, siku tatu, kamera ikiwa imewashwa. Tupige alama za mkaa. Atakayerefuka zaidi amnunulie mwenzake mahamri na mbaazi pale Ukunda.

Nangoja. Nta ninayo.