MAONI: Mwenzako yuko hapa kando, bando la nini?

Pita hosteli yoyote ya wanafunzi pale Juja ama Kahawa Wendani usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha kazi ya kikundi. Utakuta watu watano wamebanana kwenye kitanda kimoja, magoti yanagusana, kila mmoja na simu yake. Video ya kazi iko kwenye simu ya mmoja wao. Wanne waliobaki wanaihitaji. Basi mwenye video anaitupa kwenye kikundi cha WhatsApp, halafu wote wanakodolea macho kile kiduara kinachozunguka. Kabla hakijafika nusu, bando limeisha. "Manze, nani ana data?"

Hebu tupige hesabu. Tuseme video ni ya MB 700. Mwenye kutuma anachoma MB 700 kuipandisha. Wale wanne, kila mmoja anachoma MB 700 kuishusha. Jumla ni GB 3.5 za pesa za watu ambao nusu yao wamekula mkate na chai mchana. Faili yenyewe imetoka chumbani humo, ikapanda kwenye mnara, ikaenda hadi kwenye seva za kampuni, kisha ikarudi mara nne kwenye kitanda kile kile ilikotoka. Na kama hukuituma kama dokumenti, WhatsApp imeibana, kwa hiyo imerudi ikiwa imefifia.

Haya si mambo tuliyozaliwa nayo. Tulipokuwa wadogo hakuna aliyenunua data kumtumia jirani wimbo. Uliweka simu mbili mezani, ukawasha Bluetooth, ukasubiri, ukaomba asiwepo mtu wa kupiga simu katikati. Memori kadi zilihama kutoka simu hadi simu kama kijiko cha familia. Baadaye Xender ikaja, na "nirushie" ikawa na maana moja tu. Hata leo, duka la muvi la mtaani linaishi kwa mantiki hiyo hiyo: unapeleka flashi, unawekewa msimu mzima wa tamthilia, unalipa, unaenda. (Hakimiliki ya tamthilia hizo ni kesi ya siku nyingine.)

Siri ya kasi ya Xender na wenzake haikuwa muujiza. Bluetooth ya kawaida hupitisha takriban megabiti 2 kwa sekunde, kwa hivyo ile video ya MB 700 ingechukua kama dakika 47. Programu hizi zilitumia Wi-Fi badala yake. Simu moja inajifanya ruta na kuunda mtandao wake mdogo, ya pili inajiunga, na faili inaruka moja kwa moja kutoka redio ya simu hii hadi ya ile. Wi-Fi ikienda kwa megabiti 100 kwa sekunde, jambo ambalo si la ajabu watu mkiwa chumba kimoja, video ile inamalizika kwa chini ya dakika moja. Intaneti haihusiki hata kidogo.

Mbona basi tuliacha? Kwanza, tulizoea WhatsApp, na mazoea yana tabu. Pili, na hapa lawama si yetu, zile programu ziliharibika. Ulifungua ili utume picha moja, ukakutana na matangazo matatu, video za umbea na ombi la kujua mahali ulipo. Februari 2021 kampuni ya usalama ya Trend Micro ilitangaza kwamba SHAREit ya Android, iliyokuwa imepakuliwa zaidi ya mara bilioni moja, ilikuwa na mianya ambayo ingemwezesha mhalifu kuiba data ya mtumiaji. Wenye programu walisema baadaye kwamba waliziba mianya hiyo. India nayo ilikuwa imepiga marufuku SHAREit na Xender tangu Juni 2020, pamoja na programu nyingine nyingi za Wachina, ingawa siasa za mpaka zilichangia pakubwa.

Lakini kutupa mtoto kwa sababu maji ya kuogea ni machafu ni upuzi. Njia safi zipo, na nyingine tayari zimo kwenye simu uliyoshika. Wenye iPhone wana AirDrop tangu 2013. Wenye Android walipata Nearby Share mnamo Agosti 2020, ambayo mwaka wa 2024 iliunganishwa na ile ya Samsung na kuitwa Quick Share. Telezesha kidole kutoka juu ya skrini, angalia vile vitufe vya haraka. Huenda imekuwa hapo miaka yote hii ukidhani ni pambo.

Shida ilikuwa pale mbogi ikichanganyika, mmoja na iPhone, wawili na Tecno, mwingine na kipakatalishi cha Windows. Novemba 2025 Google ilitangaza kwamba Quick Share itaweza kutuma kwa AirDrop, ikianza na simu za Pixel 10, ambazo tukisema ukweli si wengi wetu tunazo. Kwa sasa jibu letu ni LocalSend. Ni ya bure, haina matangazo, haitaki ufungue akaunti, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuukagua. Inafanya kazi kwenye Android, iPhone, Windows, Mac na Linux. Vifaa vyote vikiwa kwenye Wi-Fi moja, vinaonana kwa majina, unachagua, mwenzako anakubali, basi.

Wi-Fi za vyuo na mikahawa mara nyingi huzuia vifaa visionane, na hiyo ni kinga nzuri. Hapo mmoja wenu awashe hotspot. Ila azime data kwanza! La sivyo simu za wageni zitaanza kusasisha programu zao zote kwa bando lake, na urafiki utaisha kabla ya video kufika.

Hata hivyo, bando si hoja yetu kubwa. Hoja kubwa iko saiba.

Kila kijana anayeomba mkopo wa HELB ama anayetafuta kibarua amewahi kusimama mbele ya kaunta na kuambiwa, "Boss, tuma kwa hii namba." Unatuma. Picha ya kitambulisho mbele na nyuma, cheti cha KCSE, barua ya chifu, CV yenye namba ya simu ya mama yako. Zinachapishwa, unalipa shilingi zako, unaondoka. Faili zinabaki. Ziko kwenye simu ya mhudumu ambaye hujui jina lake, pamoja na za watu wengine mia waliopita wiki hiyo, na simu hiyo ikiibwa stejini kesho, zimeenda nayo. Ama umefungua barua pepe yako kwenye tarakilishi yao na ukasahau kutoka. Halafu tunashangaa mtu anapata ujumbe wa deni la mkopo wa simu ambao hakuwahi kuomba.

Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inasema data ya mtu isikae kwa aliyeichukua muda mrefu kuliko kazi iliyoichukulia. Nakala ya kitambulisho chako ikishatoka kwenye printa, kazi imeisha. Kwa hivyo tunawaomba wenye saiba jambo rahisi: wekeni LocalSend ama Quick Share kwenye tarakilishi za kaunta, mteja atume kupitia Wi-Fi yenu, kisha mfute faili akiwa bado amesimama pale. Hamtapoteza hata shilingi. Na wewe mteja usione haya kuchungulia skrini na kusema, "Bro, futa hiyo." Faili ikitua kwenye folda ya vipakuliwa bila kufutwa, umebadilisha njia tu na hatari ni ile ile.

Kuna na sababu nyingine ambayo kizazi hiki hakihitaji kukumbushwa sana. Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti ikasuasua Afrika Mashariki nzima. Juni 25 mwaka huo huo, siku waandamanaji walipoingia Bungeni kwa ajili ya Mswada wa Fedha, mtandao ulizorota tena nchini. Siku kama hizo, mtu mwenye picha muhimu kwenye simu na asiyejua kuzipitisha kwa aliye hatua mbili kutoka kwake hana tofauti na asiyepiga picha kabisa.

Tahadhari zipo. Usiache simu yako ikionekana na kila mtu ukiwa kwenye matatu. Kuna watu wazima wasio na adabu wanaorusha picha chafu kwa simu za wasiowajua. Ni kwa sababu kama hizo Apple ilipunguza kuonekana na "kila mtu" kwenye AirDrop hadi dakika 10. Weka iwe watu unaowajua tu, na ukifungua kwa wote, funga ukimaliza. Programu ya kusakinisha ambayo mtu anakurushia nje ya Play Store, hasa ile "ya bure ambayo wengine hulipia", ikatae hata kama anayekurushia ni binamu.

Na ile mbogi ya Juja, kama bado mko kitandani mnasubiri kiduara: aliye na simu yenye chaji nyingi awashe hotspot.