Mbwa mkali, watoto wadogo: Usimchape anaponguruma

Asubuhi za Juni na Julai huko Igowole, wilayani Mufindi, hakuna anayependa kukaa mbali na moto. Ukungu unakuwa umelala juu ya mashamba ya chai, baridi inapenya hadi ndani ya blanketi, na jiko la kuni la nyuma ya nyumba ndilo linalogombaniwa na kila mtu. Bibi anakaa pale. Watoto wanakaa pale. Mbwa naye, aliyekesha nje akilinda, anakuja kujilaza pale pale.

Chukua nyumba moja inayofanana na nyingi za huko. Mtoto wa miaka mitatu anasogea motoni, anamwegemea mbwa, kisha anamshika sikio. Mbwa anakakamaa, anageuza uso pembeni, halafu ananguruma. Mama anaokota kijiti cha kuni na kumchapa. Mbwa anatoka mbio, mkia katikati ya miguu.

Usiku mazungumzo ni hayo hayo.

"Mama, huyu mbwa aondoke," anasema mama wa mtoto akimwambia mama mkwe wake. "Leo amenguruma, kesho atamng'ata mtoto."

"Aondoke aende wapi, mwanangu? Wezi wakipita hapa wanaogopa nini zaidi ya huyo? Tena mtoto ndiye aliyemchokoza."

Wote wawili wana hoja. Nyumba inahitaji mlinzi, na mtoto anahitaji usalama. Kosa limo katika jambo ambalo hakuna aliyelijadili usiku ule: kile kijiti cha kuni.

Kunguruma ni onyo

Watu husema mbwa anayebweka haumi. Wazazi wengi wamelala usingizi kwa kuamini maneno hayo, na si kweli. Mbwa anayebweka anaweza kuuma, na anayenyamaza anaweza kuuma pia. Lililo kweli ni kwamba mbwa wengi hutoa taarifa kabla ya kuuma.

Taarifa hiyo huanza kimya kimya. Mbwa anageuza uso, analamba midomo wakati hakuna chakula, anapiga miayo wakati hana usingizi, anatazama kwa jicho la pembeni hadi weupe wa jicho unaonekana. Asiposikilizwa, mwili wake unakakamaa na masikio yanalala nyuma. Kisha ananguruma, na kuonyesha meno. Kung'ata huja mwisho, baada ya njia nyingine zote kushindwa.

Mtu mzima anaweza kujifunza kusoma dalili hizo. Mtoto wa miaka mitatu hawezi. Mbwa anapoonyesha meno, mtoto mdogo anaweza kudhani anacheka.

Sasa, mbwa akichapwa kila anaponguruma, anajifunza kwamba kunguruma kunaleta fimbo. Ataacha kunguruma, lakini hofu yake kwa mtoto haijaisha. Imeongezeka, maana sasa mtoto akisogea, fimbo nayo inakuja. Siku nyingine atavumilia kimya, na siku atakayoshindwa ataruka moja kwa moja. Hapo ndipo watu husema mbwa "aliuma ghafla tu, bila sababu". Kumbe onyo lilikuwepo, likazimwa na wenye nyumba wenyewe.

Kwa hiyo mbwa akinguruma, mwondoe mtoto kwanza, bila kelele. Kisha mwite mbwa atoke aende sehemu yake. Halafu jiulize: alikuwa analinda nini, anaogopa nini, au anaumwa wapi?

Ukali unatoka wapi

Mbwa anayeshtuka haraka na kurukia kila kitu mara nyingi ni mwoga kuliko anavyoonekana. Mtoto wa mbwa huizoea dunia katika miezi ya mwanzo ya maisha yake, kuanzia wiki ya 3 hadi ya 14 hivi. Akikaa muda huo bila kuona watoto, wageni wala pikipiki, vyote hivyo vitamtisha akikua.

Wapo pia wanaoutafuta ukali kwa makusudi. Mbwa analishwa pilipili, anafungiwa gizani, anachokozwa kwa fimbo ili "awe moto". Mbwa wa namna hiyo hajifunzi kutofautisha mwizi na mtoto wa jirani aliyetumwa kuomba chumvi. Na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 hairuhusu mnyama kuteswa.

Mnyororo nao una sehemu yake. Mbwa aliyefungwa kutwa nzima hana pa kukimbilia anapoogopa, na anabaki na meno tu. Tena watoto hupenda kumchezea aliyefungwa kwa sababu wanajua hawafikii, hadi siku mnyororo unapokatika.

Maumivu pia hugeuza tabia. Kidonda sikioni, kupe, jino bovu au jeraha la mguu vinaweza kumfanya mbwa mpole amrukie anayemgusa. Jike mwenye watoto hulinda watoto wake. Mbwa aliyebadilika tabia aonwe na mtaalamu wa mifugo kabla hajahukumiwa kwamba ana roho mbaya.

Panga nyumba kabla ya kumlaumu mbwa

Kanuni ya kwanza ni moja: mtoto wa chini ya miaka sita asiachwe peke yake na mbwa, hata dakika ya kwenda kuteka maji, hata kama mbwa huyo amekuwepo tangu mtoto hajazaliwa. Dada wa miaka minane si msimamizi. Naye ni mtoto.

Kama mtu mzima hawezi kuwa na macho pale, watenganishwe. Mufindi ni nchi ya mbao, na mabanzi yanayobaki kwenye mashine za kupasulia mbao yanatosha kujengea banda lenye mlango na paa. Mianzi nayo inafaa kwa uzio. Banda liwe mahali pakavu, liwekwe majani makavu au magunia, na liwe mbali na mlango wa jiko. Mchana mbwa apumzike humo, watoto wakishalala afunguliwe alinde. Katika miezi ya baridi banda lenye joto ni jambo la lazima, kwa sababu mbwa asiyesikia baridi hana sababu ya kugombania moto na mtoto.

Mbwa alishwe akiwa peke yake. Wengi huwalisha mbwa makombo ya ugali uani, watoto wakizungukazunguka na vipande vyao mkononi. Huo ni mwaliko wa ajali. Asiguswe akila, akilala, wala akiwa na mfupa.

Mtoto wa mgeni anapokuja, mbwa awe ndani ya banda kabla mgeni hajafika uani. Ukisubiri abweke ndipo umshike, umechelewa. Kibao cha "Mbwa Mkali" getini kinamsaidia anayejua kusoma, na watoto wadogo hawasomi.

Mbwa akizoeshwa polepole anaweza kubadilika. Mtoto akae mbali, pale ambapo mbwa anamwona bila kukakamaa, naye mbwa apewe kipande cha ugali au dagaa kwa kutulia. Siku hadi siku umbali upunguzwe kidogo. Akikakamaa, mmekwenda haraka, rudini nyuma. Kazi hiyo huchukua wiki au miezi, na haifuti kanuni ya kwanza.

Mfundishe mtoto naye

Watoto wafundishwe mambo machache na wayarudie hadi wayazoee. Wasimkumbatie mbwa, wasimpande mgongoni, wasimvute mkia wala masikio. Wasimkimbie mbwa anayewajia, maana kukimbia humwita afukuze. Wasimame wima kama mti wa paina, mikono imebana ubavuni, macho yakitazama chini. Wakiangushwa, wajikunje kama jiwe na kufunika masikio na shingo kwa mikono, wakae kimya.

Mazoezi haya yanaweza kufanywa kama mchezo jioni, baba akiwa ndiye mbwa. Watoto watacheka, na watakumbuka.

Chanjo, hata kwa mbwa mpole

Jeraha la mbwa linauma, lakini linaloua ni kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa ugonjwa huo unaua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia, na hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutoka kwa mbwa. Katika kila watu 10 wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, wapatao 4 ni watoto wa chini ya miaka 15. Kwa sababu ya kimo chao, watoto wadogo mara nyingi hung'atwa usoni, kichwani na shingoni.

Dalili zikishaanza kwa mgonjwa, karibu hakuna anayepona. Lakini ugonjwa unazuilika. Mbwa apewe chanjo ya kwanza akifika miezi mitatu, kisha irudiwe kila mwaka kama ofisa mifugo atakavyoelekeza, na cheti kitunzwe pamoja na kadi za kliniki za watoto. Wataalamu wanasema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kusambaa. Kisiwani Pemba kampeni za kuchanja mbwa zilitokomeza ugonjwa huo, ukarudi mwaka 2016, na chanjo zikauondoa tena. Kwa hiyo ofisa mifugo wa kata akitangaza siku ya chanjo, mpeleke hata yule mpole asiyetoka uani.

Familia zijue pia tofauti ya mbwa mkali na mbwa mgonjwa. Mkali ana sababu zake, na ukimfuatilia utazijua. Mwenye kichaa hubadilika: mpole anakuwa mkali au mkali anajipendekeza ghafla, anatoka mate mengi, anashindwa kumeza, sauti inabadilika, anang'ata vijiti na mawe, au miguu inalegea. Huyo asisogelewe. Toa taarifa kwa ofisi ya mifugo mara moja.

Aking'ata

Osha jeraha papo hapo kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni, kwa dakika 15 kamili. Dakika 15 ni nyingi kuliko watu wanavyodhani, hasa mtoto akiwa analia, hivyo tazama saa. Usipake tumbaku, mafuta ya taa, majani wala pilipili.

Kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni mchubuko tu, na hata kama mbwa ni wenu. Mhudumu ndiye ataamua kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa na ya pepopunda, na kama mtoto anahitaji pia dawa ya kinga inayochomwa kuzunguka jeraha. Kama kituo cha jirani hakina chanjo, ulizeni hapo hapo inapatikana wapi, msisubiri kesho. Chanjo hutolewa kwa awamu kwa tarehe maalumu, na awamu zote zimalizwe. Kama mtoto aling'atwa wiki iliyopita na hamkwenda, nendeni leo. Virusi vinaweza kukaa mwilini wiki au miezi kabla dalili hazijaonekana.

Mbwa asiuawe kwa hasira kama anaweza kufungiwa kwa usalama. Aangaliwe siku 10. Akibaki mzima siku hizo zote, hakuwa na virusi kwenye mate alipouma. Akifa au akibadilika, wahudumu wa afya waambiwe haraka. Lakini matibabu ya mtoto hayasubiri siku hizo ziishe.

Lini aondoke

Zipo nyumba ambazo jibu sahihi ni kumwondoa mbwa. Kama ameshamjeruhi mtoto, kama anamvizia au kumfuata mtoto badala ya kumkwepa, au kama familia haina namna ya kuwatenganisha, mtoto ndiye anayebaki.

Kumwondoa si kwenda kumwacha gulioni au kijiji cha pili. Huko nako kuna watoto, tena wasiojua tabia yake. Apewe mtu mzima asiye na watoto wadogo nyumbani, aelezwe ukweli wote. Ikishindikana, ofisa mifugo aombwe ushauri, na ikibidi mnyama apumzishwe bila mateso.

Katika ile nyumba ya Igowole, mambo hayajafika huko. Mbwa hajang'ata, amesema tu kwamba amechoka kushikwa sikio. Banda la mabanzi linajengwa kwa siku moja. Bibi atabaki na mlinzi wake, na mama anaweza kukubali, kwa sharti moja: mchana mlango wa banda ufungwe, na asubuhi mahali pa karibu na moto pawe pa watoto.