Antivirusi isiyorekebishwa: mafundi waache kuwadanganya wakimbizi wa vita

Katika miji ya Kivu, fundi wa kompyuta akimaliza kazi humwambia mteja: «Usiogope, nimekuwekea antivirusi.» Mteja analipa, anaenda. Lakini mafundi wengi wamekwisha kufunga njia ya marekebisho, eti yanakula mega, ao wameweka programu ya pirati isiyoweza tena kupokea kitu kutoka kampuni iliyoitengeneza. Huo ni udanganyifu.

Wanaoumia kwanza ni wakimbizi wa vita. Familia iliyokimbia mikono mitupu inabaki na picha ya kadi ya mpiga kura, ya diploma ya mtoto, ya karatasi ya kiwanja, vyote ndani ya flashi moja inayochomekwa leo kwenye mashine hii, kesho kwenye ile.

Antivirusi imeandikwa na watu, na watu hukosea. Kazi yake ni kufungua na kupima kila faili inayoingia, hata ile ambayo mwenye mashine hajaigusa, na inapewa mamlaka makubwa kuliko programu nyingi zingine. Kosa la kuogopesha zaidi ni la memori. Programu imetenga nafasi ya bidoni ya lita 5. Faili iliyotengenezwa kwa hila inamimina lita 20. Kinachomwagika kinaangukia sehemu zingine za memori, na mwizi aliyejipanga hugeuza mmwagiko huo kuwa amri zake. Hapo mlinzi mwenyewe ndiye anamfungulia mwizi.

Si hadithi. Mwaka 2016, Tavis Ormandy wa Google alionyesha makosa ya namna hiyo ndani ya antivirusi za Symantec na Norton: barua pepe kufika tu ilitosha, bila mtu kuifungua. Alikuta pia kwamba kampuni ilitumia vipande vya programu za wengine bila kuvirekebisha kwa miaka 7 angalau. Kampuni kubwa hivyo, yenye pesa! Mwaka 2017, yeye na Natalie Silvanovich walipata kosa ndani ya antivirusi ya Windows. Microsoft ilitoa marekebisho tarehe 8 Mei, siku chache tu baadaye, na mashine zenye njia wazi ziliyapokea zenyewe. Zile ambazo fundi alizifunga zilibaki na tundu lake.

Februari 2023 ikawa zamu ya ClamAV, antivirusi ya bure: kosa la memori katika kusoma faili za HFS+. Na hapa wengi wanachanganya. Kushusha orodha mpya ya virusi hakukuponya kosa hilo. Ilibidi programu yenyewe ibadilishwe, kwa mfano kuweka toleo 1.0.1.

Mafundi wanasema mega ni ghali na umeme unakatika. Ni kweli. Basi wamwambie mteja hivyo, na bei ya marekebisho iingie ndani ya bei ya kazi. Mwenye Windows 10 ao 11 hana hata haja ya kununua ya pirati: Defender imo ndani tayari, bila malipo, na marekebisho yake huja pamoja na orodha ya virusi.

Mteja naye, mbele ya kutoa franka, aombe kuonyeshwa kwenye skrini tarehe ya marekebisho ya mwisho. Fundi akikataa, achomoe flashi yake na apeleke pesa kwingine.