Usahihi wa Kabureta na Hila ya Mihuri

Wako watu katika Marekani waheshimiwao kwa elimu yao ya motokaa za kale, nao wameeneza neno moja lipasalo kupingwa. Neno lenyewe ni "sahihi." Wasema kuwa motokaa iliyotoka kiwandani mwaka 1969 haiwi sahihi mpaka kabureta yake iwe na nambari ile ile iliyoagizwa na kiwanda, na tarehe ya kutengenezwa kwake iitangulie kidogo tarehe ya kuundwa kwa gari. Hapo hapana ubaya. Ubaya waanza pale "sahihi" inapovishwa kanzu ya neno jingine, "asili," na wauzaji wakapokea bei ya asili kwa kitu kilicho sahihi tu.

Motokaa tunazozisema ni zile ambazo Wamarekani wenyewe huziita za misuli: injini kubwa katika gari la kadiri, kwa vijana wenye haraka. Katika motokaa hizo kabureta, chombo kichanganyacho petroli na hewa, ilikuwa ndiyo koo la injini. Pontiac GTO ya 1964 iliweza kununuliwa na kabureta tatu za Rochester zilizopangwa safu moja juu ya injini ya inchi za ujazo 389. General Motors ilikuja kuupiga marufuku mpango huo kwa magari yake ya mwaka 1967, ila Corvette. Chrysler nao waliivika Hemi yao ya inchi 426 kabureta mbili za Carter zenye midomo minne kila moja, tangu 1966 hata 1971. Camaro Z/28 ya 1969 ilikuwa na Holley moja, na mjuzi yeyote atakuambia bila kufungua kitabu kuwa nambari yake ni 4053.

Chini ya nambari ya Holley zapigwa tarakimu tatu. Zikiwa 943, maana yake ni mwaka 1969, mwezi wa nne, juma la tatu. Rochester walikuwa na hesabu yao nyingine katika Quadrajet: 1239 ni siku ya 123 ya mwaka uishiao kwa 9, yaani tarehe 3 Mei. Elimu hii ni nzuri, na aliyeikusanya kwa miaka mingi ya kuchungulia chini ya vifuniko vya injini astahili shukrani. Siidharau. Nalaumu matumizi iliyotiwa.

Kwa maana, lisomwalo na mnunuzi laweza kuandikwa na muuzaji. Mhuri wa kabureta ni herufi za chuma na nyundo, na kabureta yenyewe ni chuma laini cha zinki au aluminiamu kisichoshindana na tupa. Nambari ya zamani hukwanguliwa, mpya hupigwa, kisha chombo chote hutumbukizwa katika dawa kikapata ule urujuani na manjano ya dhahabu uliokuwa juu yake siku kilipotoka kiwandani. Na faida ipo. Corvette za injini ya L88 za mwaka 1967 zilikuwa 20 tu. Plymouth Barracuda ya 1971 yenye Hemi na paa la kukunjwa iliuzwa mnadani mwaka 2014 kwa dola milioni 3.5. Mahali palipo na fedha kama hizo, ni ajabu gani basi tarakimu tatu zikageuzwa?

Tuseme lakini kuwa mhuri ni wa kweli. Hata hivyo, Holley ya 4053 haikuota shambani. Ama ilikaa katika ghala la vipuri, ama ilitoka juu ya Z/28 nyingine, ambayo sasa imepungukiwa ili hii isahihike. Motokaa moja hurudishiwa heshima yake kwa kuivunjia nyingine, na mwamuzi huitunuku cheti. Sisi tushughulikao na miswada twamjua mtu wa namna hii: akiona ukurasa umepotea, huukata katika nakala ya jirani na kuushona katika yake, kisha asema mswada wake ni kamili.

Watetezi hujibu kuwa pasipo kanuni kila mtu angetia atakacho, na historia ingepotea. Ni jibu lenye uzito. Lakini historia ipi? Motokaa hizi zilinunuliwa na watu waliozibadili kabla matairi hayajapoa. Katika mji wa Royal Oak, Michigan, duka la Royal Pontiac liliuza GTO zilizokwisha badilishwa vitundu vya kupimia petroli ndani ya kabureta, na wanunuzi walizitaka kwa sababu hiyo hiyo. Kabureta aliyoitia mwenye gari mwaka 1970 ili ashinde mashindano ya Jumamosi ni shahidi wa zama zake. Ile iliyonunuliwa juzi na kufungwa mahali pake ni mgeni mwenye cheti kizuri cha kuzaliwa. Viwanda vyenyewe havikuwa na ukali huu tunaosingiziwa: Rochester walipozidiwa na kazi, Carter walitengeneza Quadrajet kwa ajili ya General Motors.

Na petroli nayo si ile. Inayouzwa Marekani leo kwa kawaida ina sehemu moja katika kumi ya ethanoli, ambayo huleta oksijeni yake yenyewe. Kwa hiyo vitundu vilivyopimwa mwaka 1969 huipa injini chakula chembamba. Fundi mwenye akili huvipanua, akaiacha nambari ya nje ilivyo. Nampongeza, maana ameiokoa injini. Lakini afanyapo hivyo amekiri kuwa kabureta "sahihi" ni sahihi kwa sura.

Nitakalo si kuvunja vyama wala minada. Nataka karatasi ya gari iseme moja ya mambo matatu: kabureta hii ilikuja na gari hili, au ni ya aina ile ile nayo imetiwa baadaye, au haijulikani. Kadhalika ile iliyoondolewa, hata ikiwa mbovu, hata ikiwa ya duka la pembeni, ifungwe katika sanduku na kufuatana na gari kwa kila mwenye kulimiliki. Mnada usiokubali kuandika hayo na uliondoe neno "asili" katika matangazo yake.